Nikilipa mia tatu kwa mwezi na kusikiliza ohangla tupu, mwenye ohangla anapata ngapi?

#1 Nyuzi_Nane (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Nina swali moja na naomba tujibizane kwa hesabu, malalamiko tuyaweke kando kwanza.

Tuseme kuna mtu wa Kondele, hapa Kisumu, anayelipia Spotify, ule mtandao wa kusikiliza muziki. Ilipoingia Kenya Februari 2021, mtu mmoja alilipa 299 kwa mwezi. Tuifanye mia tatu hesabu isitusumbue. Mwezi mzima anasikiliza ohangla, ngoma yetu ya Kiluo, ya msanii mmoja, hagusi kitu kingine. Wengi wanaamini kampuni ikishakata chake, kilichobaki kinamwendea msanii huyo. Mimi nasema kinamwagwa kwenye chungu kimoja na pesa za kila mtu, kisha chungu kinapakuliwa kwa idadi ya strimu, yaani mara ambazo nyimbo zimesikilizwa. Huyo wa Kondele anawalipia watu ambao hajawahi hata kusikia majina yao. Anayebisha aje.

#2 MamaKibuye

Kwa hiyo ni kama kutoa sadaka kanisani kwako halafu mhazini anaigawia makanisa yote ya kaunti kwa wingi wa waumini?

#3 Fundi_Mitambo (Nakuru)

@MamaKibuye hapo hapo. Ngoja nikupe namba.

Chukua soko la watu wawili tu. Wa kwanza ana duka, anasikiliza ohangla mara 100 kwa mwezi. Wa pili ni kijana wa hosteli, simu inaimba kutwa kucha, mara 900, zote za wasanii wa nje. Kila mmoja analipa 300, jumla 600. Takriban thuluthi mbili huenda kwa wenye haki, yaani 400. Strimu zote ni 1,000, kwa hiyo kila moja ina senti 40. Ohangla inapata shilingi 40, wa nje wanaondoka na 360.

Sasa gawa kwa njia ya pili, ambapo pesa ya msikilizaji inafuata masikio yake. Mwenye duka ametoa 300, thuluthi mbili ni 200, na zote zinaenda kwa ohangla. Kutoka 40 hadi 200, na hakuna aliyeongeza hata ndururu.

Njia hiyo ya pili ipo tayari. SoundCloud, mtandao mwingine wa muziki, waliianza 2021 kwa wasanii wanaojisimamia wenyewe. Deezer nao 2023 walianzia Ufaransa na mpango wa aina nyingine: msanii akifikisha strimu 1,000 kwa mwezi kutoka kwa wasikilizaji 500 tofauti, strimu zake zinahesabiwa mara mbili. Wakubwa waliobaki wanapakua kutoka chunguni.

#4 Kasuku_wa_Ofisi

Fundi umemsahau mwenye nyumba. Humo ndani ya 300 mna VAT ya asilimia 16. Gawanya 300 kwa 1.16, unabaki na 258.60. Thuluthi mbili yake ni 172.40. Chungu chako basi ni 344.80, si 400, na strimu moja ni senti 34 na nusu. Ohangla inapata 34.50 kwa chungu na 172.40 kwa masikio. Uwiano haujabadilika, ila tusipeane namba za uongo.

#5 Fundi_Mitambo

Nimekubali, VAT ilinitoroka. Shukrani.

#6 Kaptembwo_Bass (Nakuru)

Mnagombania mwiko na chungu chenyewe ni kidogo.

Kwanza hakuna chungu kimoja cha dunia. Kila nchi ina chake, na ndani ya nchi kila aina ya malipo ina chake: mtu mmoja, familia, mwanafunzi, na wale wa bure wanaosikilizishwa matangazo. Marekani bei ya mtu mmoja ilipandishwa Julai 2024 hadi dola 11.99. Hiyo mia tatu yenu ni dola mbili na ushee. Strimu ya mtu wa Kondele na strimu ya binamu yake aliye Minnesota zinaonekana sawa kwenye ukurasa wa msanii. Kwenye ripoti ya mwezi ni mbingu na ardhi.

Mwenye akaunti kwa msambazaji, ile kampuni inayompandishia msanii nyimbo kwenye mitandao, afanye hivi: apakue ripoti ya mwezi kama jedwali, asiangalie jumla. Apange kwa safu ya nchi, kisha kwa aina ya usajili, halafu agawanye kiasi kwa idadi kwenye kila mstari. Ataona mstari wa Kenya wa bure una sufuri nyingi baada ya nukta kabla namba yoyote haijatokea, wa Kenya wa kulipia uko juu yake, na wa Marekani wa kulipia unawacheka wote wawili. Msanii mwenye wasikilizaji wachache ughaibuni anaweza kumpita mwenye umati hapa nyumbani.

Kwa hiyo mtu akikwambia "Spotify hulipa kiasi fulani kwa strimu", mwambie hicho ni wastani uliopatikana baada ya kugawa. Hakuna bei ya strimu iliyobandikwa ukutani. Apple Music mwaka 2021 waliwaandikia wasanii kwamba wastani wao ni kama senti moja ya dola. Hao hawana daraja la bure, na hapo tena ni wastani wa dunia, si wa Kisumu.

#7 Bando_Haitoshi (Bungoma)

Tuongee pia upande wa msikilizaji, maana hiyo mia tatu ndiyo gharama ndogo. Gharama kubwa ni bando.

Viwango vya kawaida vya sauti vya Spotify ni hivi: 24, 96, 160 na 320 kilobiti kwa sekunde. Zidisha kwa 3,600, gawanya kwa 8, upate kilobaiti za saa moja. Inatoka hivi:

24 ni kama MB 11 kwa saa
96 ni MB 43
160 ni MB 72
320 ni MB 144

Fundi wa nguo anayefungulia muziki saa tatu kwa siku kwa kiwango cha 96 anakula karibu GB 3.9 kwa mwezi. Akiacha kwenye 320 bila kujua, ni GB 13. Kwa spika ya bluetooth ya bei ya soko na cherehani inalia pembeni, hiyo 320 haisikiki tofauti yoyote.

Dawa ni kupakua nyimbo mara moja kwenye Wi-Fi. Wimbo wa dakika 4 kwa kiwango cha 160 ni MB 4.8, kwa hiyo nyimbo 100 ni MB 480 tu, na unazirudia mwezi mzima bure. Ingia kwenye mipangilio, zima kupakua kwa data ya simu, halafu kama simu ina nafasi ndogo hamishia hifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukifuta programu au ukiiondoa kadi, vyote vimeenda, unaanza upya.

#8 MamaKibuye

Nikisikiliza zilizopakuliwa, simu haina mtandao, msanii hapati kitu. Si ndiyo?

#9 Fundi_Mitambo

Anapata. Simu inaweka kumbukumbu ya ulichosikiliza, ikiingia mtandaoni inatuma. Ndiyo sababu mojawapo lazima uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, vinginevyo nyimbo zinafungwa. Asiyehesabiwa ni yule wa duka la kujaza flashi, anayekuwekea nyimbo 500 kwa bei ya chapati mbili na soda. Hapo msanii anapata sifa.

#10 Mzee_Santuri (Kisumu)

Vijana, mmesema chungu, mmesema bei, mmesema bando. Mmeacha saa.

Strimu inahesabiwa sekunde 30 zikipita. Baada ya hapo, usikilize dakika mbili au tisa, ni strimu moja ileile. Benga, muziki wetu wa magita, haijatengenezwa hivyo. Gita la solo linabisha hodi peke yake, la ridhimu linaitikia, besi inaingia, mwimbaji anamaliza habari zake na kutaja majina ya watu, na kule dakika ya tano ndipo mwendo unapanda na magita yanaachiwa uwanja. Dakika nane, tisa, ndiyo kawaida. Mtoto wa mjini anafyatua wimbo wa dakika mbili na anakusanya ileile.

Piga hesabu ya saa moja. Nyimbo za dakika mbili ni strimu 30. Nyimbo za dakika kumi ni strimu 6. Wasikilizaji wawili, saa moja kila mmoja, mia tatu kila mmoja, lakini chungu kinamwona wa kwanza mara tano zaidi. Hata ukiondoa wasanii wa nje wote, benga itazidiwa na mziki mfupi wa hapahapa.

Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na dawa. Upande mmoja ulibeba dakika tatu na ushee, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati, Sehemu ya Kwanza upande wa A, ya Pili upande wa B. Turudi huko.

#11 OrutuMoja (Siaya)

Mzee, wazo ni zuri lakini lina miiba. Kwa anayetaka kujaribu:

Kata mwanzoni kabisa mwa kipimo, pigo la kwanza, mahali wimbi la sauti linapovuka sufuri, la sivyo utasikia "tak" pale mkato ulipo. Usiweke kufifia, sehemu ya pili ikianza kwa nguvu wakati ya kwanza imezimika taratibu msikilizaji anadhani simu imekwama. Zote mbili ziwe kwenye albamu moja zikifuatana, na faili iwe WAV, si MP3. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na dansi inakatika hapohapo. Kila kipande kinapata namba yake ya ISRC, zile herufi na tarakimu 12 zinazotambulisha rekodi.

Sasa ubaya. Mtu akichanganya orodha, Sehemu ya Pili inaweza kuja kabla ya Kwanza, na haina utangulizi, inamwangukia msikilizaji kama mgeni aliyeingia bila hodi. Atairuka kabla ya sekunde 30, nawe umepoteza. Na kuna lile la strimu elfu moja.

#12 Mulembe_Tu (Kakamega)

Hilo la elfu moja ndilo linalowamaliza wa kwetu, na halijaelezwa tangu juu.

Kuanzia 2024 Spotify hailipi rekodi ambayo haijafikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Pesa yake inarudi chunguni, inawaendea waliovuka. Sasa tazama bendi ya isukuti au omutibo, muziki wetu wa Kiluhya, yenye nyimbo 40 mtandaoni, kila moja imesikilizwa mara 600 kwa mwaka. Jumla strimu 24,000. Malipo sufuri. Mwingine ana wimbo mmoja wenye 24,000, analipwa zote. Masikio ni yaleyale.

Kwa hiyo @Mzee_Santuri ukiukata wimbo wenye strimu 1,400, na nusu ya watu wasifike sehemu ya pili, sehemu ya kwanza ina 1,400 na ya pili 700. Ya pili haina kitu. Kata wimbo uliokwisha kupita elfu mbili, tatu. Mdogo uache mzima.

Na acheni kupandisha wimbo mmoja mara nne: wa studio, wa jukwaani, "mpya", na ule wenye salamu za Krismasi. Mnazigawanya strimu zenu wenyewe zisivuke mstari.

#13 Kaptembwo_Bass

@Mulembe_Tu hapo nakuunga mkono, ila tusidanganyane, strimu 1,000 ni dola mbili tatu ikiwa wasikilizaji ni mchanganyiko wa nchi, na kwa Kenya tupu ni chini ya hapo. Msambazaji mwenyewe ana kiwango cha chini cha kutoa pesa na ada ya kuituma. Hata wangelipa, ingekaa huko miaka. Shida ni bei ya chini.

#14 Mulembe_Tu

Dola mbili mara nyimbo 40 si mbili tena, ndugu.

#15 MdauMtulivu

Je, nikiacha simu usiku kucha inarudia wimbo wa rafiki yangu kwa sauti ya sufuri? Mara 150 kwa usiku. Wiki moja tumevuka elfu.

#16 Fundi_Mitambo

Na wiki inayofuata rafiki yako anaondolewa. Akaunti moja, wimbo mmoja, usiku kucha, hakuna kurukwa hata kimoja: mashine inaiona mara moja. Strimu zinafutwa, na tangu 2024 Spotify humtoza msambazaji faini kwa wimbo ambao strimu zake nyingi mno ni za kughushi. Msambazaji humkata msanii au humfungia akaunti. Hao wanaouza "strimu elfu kumi kwa M-Pesa" wanafanya hilohilo kwa simu mia. Umempenda rafiki kwa shoka.

#17 Wakili_Bila_Koti (Kakamega)

Nimesoma yote na naona mnagawa pesa kabla hamjajua ni ya nani.

Kila wimbo una haki mbili. Moja ni ya utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni ya rekodi. Kwenye pesa inayotoka kwa mtandao wa muziki, rekodi hubeba kama nne ya tano, utunzi hupata iliyobaki. Sheria yetu ya hakimiliki inasema mwenye rekodi ni yule aliyefanya mipango ya irekodiwe. Tajiri akilipia studio, usafiri wa bendi na chakula, ukaimba ukaondoka bila karatasi, usishangae rekodi ikiwa yake.

Siku ya studio, kabla ya kuwasha mitambo, andikeni karatasi moja. Jina kamili na namba ya kitambulisho cha kila mtu, asilimia ya utunzi, asilimia ya rekodi, nani atapandisha wimbo, wote mtie sahihi. Asilimia zifike 100 kila upande, nimeona karatasi nyingi zinazofika 115. Wasambazaji wengi wana kipengele cha mgao, unaingiza barua pepe ya kila mmoja na kila mtu anapokea chake moja kwa moja. Bila hiyo kuna mtu mmoja mwenye nywila, na kundi la WhatsApp lenye watu saba wanaouliza "pesa imefika?"

Upande wa utunzi msambazaji hakukusanyii, isipokuwa ulipie huduma hiyo kando. Hapa nyumbani kwa miaka mingi watunzi wamesimamiwa na MCSK, wenye rekodi na KAMP, waimbaji na wapigaji na PRISK. Kabla ya kujiunga angalia kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, nani ana leseni mwaka huo, leseni zimekuwa na vuta nikuvute. Sehemu moja ya pesa ya utunzi inayotokana na strimu za Marekani inakusanywa na The MLC, shirika la mirabaha la huko, tangu Januari 2021. Kujiandikisha ni bure na unaweza kufanya hivyo ukiwa Mumias. Usipojiandikisha inakaa huko bila mwenyewe.

#18 Nyuzi_Nane

@Wakili_Bila_Koti umeleta jambo. Lakini kwa ohangla na benga kuna pesa nyingine ambayo haimo kwenye chungu chochote: pakruok. Mtu analipa msanii asimamishe ngoma kidogo ili ajisifu au amsifu shemeji yake. Na wimbo mzima unaweza kutungwa kwa jina la mtu aliyetoa fedha kabla haujarekodiwa. Majina kumi yakitajwa katika dakika tisa, kila jina lina thamani. Ndiyo maana wimbo ni mrefu! Ukiufupisha upate strimu, umewatoa walipaji.

Kwa hiyo huenda strimu kwa huyu msanii ni tangazo tu, na mshahara uko kwenye majina na ukumbini.

#19 MamaKibuye

Basi mtu wa Kondele awe anampelekea hiyo mia tatu atajwe. Mia tatu atatajwa nusu jina.

#20 OrutuMoja

"Ooo Ocho…" na gita linaingia.

#21 Kasuku_wa_Ofisi

Mmemaliza kucheka? Tuongeze Skiza, ile milio ya simu anayoisikia anayekupigia, maana kwa msanii wa magharibi ndiyo inayojulikana kuliko strimu. Nasikia kampuni ya simu inabaki na sabini.

#22 Wakili_Bila_Koti

Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa 2022, ikaweka mgao wa milio ya simu: msanii au mwenye haki asilimia zisizopungua 52, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa katikati 8.5. Kwa hiyo sabini haimo kwenye sheria. Ila soma vizuri: "msanii au mwenye haki". Haki ikiwa ya tajiri wa studio, 52 ni yake. Malipo ya mirabaha kwa mkazi wa Kenya pia hukatwa kodi ya zuio asilimia 5, mdai cheti cha makato.

#23 Kaptembwo_Bass

Na YouTube mbona mmeiruka? Huko ndiko watu wetu walipo, hata anayetaka sauti tu anafungua video na kumaliza bando.

Kwa mwenye chaneli: unahitaji wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi zenye mitazamo milioni 10 ndani ya siku 90. Matangazo kwenye video za kawaida, chaneli inapata asilimia 55. Pesa haitoki mpaka ifike dola 100.

Hapo ndipo wimbo mrefu wa @Mzee_Santuri unapolipiza kisasi. Wimbo wa dakika tisa ukitazamwa hadi mwisho unajaza zile saa 4,000 haraka kuliko wa dakika mbili, na video ikizidi dakika 8 unaweza kuweka matangazo katikati.

Makosa mawili yanawakwamisha wengi. La kwanza, barua ya PIN. Salio likifika dola 10 Google hutuma PIN kwa posta. Ukiandika "Nyalenda, karibu na kanisa" haifiki. Weka sanduku la posta linalofanya kazi pamoja na msimbo, Kisumu 40100, Nakuru 20100, Kakamega 50100. Miezi 4 ikipita bila PIN, matangazo yanazimwa. La pili, fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ya dunia nzima. Ukiijaza, Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo wanakata 30 lakini kwa mapato ya watazamaji wa Marekani peke yao. Watu wanaona 30 ni kubwa kuliko 24 wanaiacha fomu. Kama watazamaji wako wengi wako Kenya, wanajikata wenyewe.

#24 Mzee_Santuri

YouTube hiyohiyo imejaa benga za miaka ya sabini zilizonakiliwa kutoka santuri, na pesa inachukuliwa na watu wasiojua hata jina la mpiga besi. Enzi zile Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa santuri, alisambaza benga mpaka Zimbabwe, kule mtindo wenyewe ukaitwa kanindo. Leo wajukuu wa wapigaji wanapata nini?

Na nasikia rekodi ikifika miaka 50 ni mali ya umma, kila mtu aimwage atakavyo.

#25 Wakili_Bila_Koti

Nusu kweli, mzee. Kwa sheria ya Kenya haki ya rekodi inaisha miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya 1974 iliisha mwisho wa 2024. Lakini haki ya utunzi inahesabiwa kutoka kifo cha mtunzi, miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. D.O. Misiani, yule mwanabenga, alifariki 2006, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056 hata kama rekodi yenyewe imezeeka. Familia bado ina mlango, kwenye utunzi. Na nchi nyingine zinahesabu miaka tofauti, YouTube haifungui vitabu vya Kenya peke yake.

Anayedai kwenye YouTube kwa njia ya Content ID, ule mfumo wao wa kutambua nyimbo, haimaanishi ana hati. Mtu amepandisha nakala ya santuri kwa msambazaji, akajaza jina lake, mfumo ukaamini. Familia ikitaka kupinga iandae picha ya lebo ya santuri pande zote mbili, mkataba kama upo, cheti cha kifo, barua ya urithi, na namba ya lebo iliyochongwa pale katikati.

#26 Fundi_Mitambo

Niongeze kitu kwa wanaohama wasambazaji, kwa sababu hapo strimu hupotea sana. Kuna wasambazaji wa ada ya kila mwaka, usipolipa nyimbo zinashushwa. CD Baby hulipwa mara moja kwa toleo na kukata asilimia 9 ya mapato. Ukihama, chukua ISRC za zamani kutoka kwa msambazaji wa kwanza, ziandike kwenye fomu ya mpya, tumia faili ileile ya sauti, jina lilelile, herufi kwa herufi. Pandisha kwa mpya kwanza, subiri uone namba za strimu zimeungana, ndipo ushushe kwa wa zamani. Ukishusha kwanza au ukikubali ISRC mpya, wimbo wenye strimu 90,000 unaanza na sufuri, na ule mstari wa elfu moja unakungoja tena.

Na jina la msanii likifanana na la mtu mwingine, bandika kiungo cha ukurasa wako wakati wa kupandisha. Usipofanya hivyo ohangla yako itajikuta kwenye ukurasa wa rapa wa Ulaya. Mashabiki wake hawataelewa kitu.

#27 Nyuzi_Nane

Nimejifunza mengi, lakini naona kila mtu ana mchawi wake. Fundi ni mgao, Bass ni bei, Mzee ni dakika, Mulembe ni ile elfu, Wakili ni karatasi. Sasa huyu mtu wangu wa Kondele afanye nini na mia tatu yake mwezi ujao?

#28 Mulembe_Tu

Aendelee kulipia, ila asikilize nyimbo za msanii zilizo karibu kuvuka elfu badala ya ule mmoja maarufu. Namba ya strimu haionekani chini ya 1,000 kwenye Spotify, imeandikwa alama ya "ndogo kuliko". Aanzie hizo.

#29 Fundi_Mitambo

Au anunue albamu Bandcamp, mtandao ambao msanii anauza muziki wake moja kwa moja. Wanakata asilimia 15 ya muziki wa kidijitali na ada ya malipo, iliyobaki ni ya msanii. Albamu moja ya dola 5 inashinda strimu elfu moja.

#30 Kaptembwo_Bass

Bandcamp inalipa kwa PayPal. Msanii wa Ugenya ana PayPal?

#31 OrutuMoja

PayPal na M-Pesa zimeunganishwa tangu 2018. Anafungua akaunti kwa jina lilelile lililo kwenye laini yake. Jina likitofautiana hata herufi moja, "Otieno" na "Ottieno", kuunganisha kunakataa. Ada ya kubadilisha dola ndiyo inauma, asitoe kidogokidogo.

#32 MamaKibuye

Mimi bado nauliza: mia tatu, pakruok, Jumamosi. Anayejua bei ya jina zima ataje.